Sindano ya Paja

Vestine alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mwezi Mei mwaka 1991, alikuwa amekaa Kigali miaka miwili tu. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, akaolewa na Libère, fundi wa redio, akamfuata Rwezamenyo, mtaa wa Kigali. Walipanga vyumba viwili katika ua wa familia nne, mlango wao ukitazama bomba la maji. Libère alikuwa na kibanda chake barabarani. Vestine alidarizi foronya na mashuka ya maharusi, akikaa kizingitini ili apate mwanga. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kuongea kidogo, na majirani walimpenda kwa sababu hakuwahi kubeba maneno ya nyumba moja kwenda nyingine.

Kaka yake, Clovis, naye aliishi Kigali. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa, mwendo mfupi kutoka kwao. Mguu wake wa kulia ulikuwa mwembamba tangu utotoni, hauna nguvu, na cherehani aliiendesha kwa mguu wa kushoto peke yake, kasi ile ile ya mafundi wengine. Vestine alikua akimbebea begi la shule. Aliyetaka kujua kaka yake alipatwa na nini alipewa jibu ambalo Vestine alilipata kwa mama yao: alichomwa sindano, mguu ukafa. Hakukuwa na maelezo zaidi, na nyumbani kwao hakuna aliyeyaomba.

Mtoto waliyempata walimwita Sangwa. Siku aliyozaliwa alichomwa sindano ndogo mkononi, mama yake akiwa amelala kwa uchovu. Vestine aliona kidonda baadaye, na mkono haukumtisha. Lakini mkunga alimwandikia tarehe kwenye fishi, ile kadi ya kliniki, akamweleza kwamba mtoto akifika wiki sita atapewa matone mdomoni na sindano pajani. Neno hilo la mwisho Vestine aliondoka nalo.

Jumanne ya chanjo ilipofika, alimwogesha mtoto, akamvalisha, akamfunga mgongoni na kutoka. Kilikuwa kiangazi na njia yote ilikuwa vumbi jekundu. Alifika kwenye kona inayopanda kwenda kituo cha afya, akawaona wanawake wenzake wakiingia na watoto wao, akapita moja kwa moja mpaka sokoni. Akanunua vitunguu ambavyo hakuvihitaji. Jioni alimwambia mumewe kwamba foleni ilikuwa ndefu mno. Jumanne iliyofuata akasema mtoto alikuwa na mafua.

Libère hakuwa mtu wa kupekua, lakini fishi ilikaa juu ya kabati, na siku moja akaichukua kutazama uzito wa mwanawe.

"Mama Sangwa," akasema, "hapa kwenye chanjo ya wiki sita hapajaandikwa kitu."

Vestine hakutaka kudanganya mara ya tatu. Alimweleza kila kitu, kona ile, soko, vitunguu. Libère akamsikiliza. Akamwambia kwamba yeye na watoto wote wa shule yao kule Ngozi walichanjwa, na hakumbuki hata mmoja aliyelemaa. Vestine akajibu kwamba mumewe alikua akiwaona wazima, na mtu aliyekua hivyo hawezi kuogopa anachoogopa yeye. Basi Libère akajitolea kumpeleka mtoto mwenyewe, Vestine abaki nyumbani. Hilo nalo akalikataa. Likitokea la kutokea, alisema, anataka awe pale pale, asije akasimuliwa.

Hawakugombana. Ila Libère alikwenda kwa shemeji yake bila kumwambia mkewe.

Jumapili baada ya misa, Clovis akaja. Vestine alikuwa uani akichambua maharage, mtoto amelazwa mkekani kando yake. Clovis akavuta kigoda, akaunyoosha ule mguu mbele kama alivyozoea, akamtazama kwanza Sangwa anavyorusha miguu.

"Nasikia humpeleki mtoto kliniki kwa ajili yangu," akasema.

"Si kwa ajili yako, kaka. Kwa ajili ya mguu."

"Mguu ni wangu. Ngoja nikuambie habari zake."

Akamsimulia. Alikuwa na miaka mitano, ana homa siku ya tatu. Mama yao aliuza ndagala, dagaa wa kule, sokoni, na asubuhi ile mzigo mkubwa ulikuwa umefika kutoka ziwani. Angekaa hospitali kutwa, zingeharibika. Nyuma ya soko aliishi mtu mmoja aliyewahi kufagia wodi, akaacha kazi akiwa na bomba la sindano mfukoni, na watu walimwita daktari. Mama akampeleka huko. Clovis aliikumbuka meza aliyolazwa kifudifudi, na pazia la bluu. Yule mtu akamdunga kwinini takoni. "Nikasikia moto unashuka hadi kwenye kidole gumba," Clovis akasema. Homa iliisha. Mguu haukurudi.

Alipofika miaka kumi na mitano, daktari wa kweli alimpima akamweleza yeye na mama yake: dawa ilidungwa pale unapopita mshipa mkubwa wa fahamu. Ingedungwa mahali pengine, angekuwa mzima. Walirudi nyumbani pamoja, wakakaribia mlango. Hapo mama akamshika mkono, akamwomba asimwambie mtu, hata ndugu zake. Clovis akaahidi. Alilibeba neno hilo miaka yote, na mama yao alikuwa amezikwa mwaka wa tatu sasa.

Vestine aliinuka akaenda bombani. Alinawa mikono muda mrefu, ingawa haikuwa michafu. Alikuwa na hasira na hakujua amkasirikie nani. Aliporudi alibaki amesimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba."

"Ulimchukia?"

Clovis alifikiri. "Kama mwaka mmoja hivi. Halafu nikaanza kujifunza kushona."

Vestine akakaa chini, akalia. Hakumlilia kaka yake. Alimlilia mama yao, ambaye kila jioni alikuwa akimkanda Clovis mguu kwa mafuta ya mawese, na ambaye watoto wote walidhani anafanya hivyo kwa mapenzi tu. Clovis alimwacha alie. Kisha akamwambia kwamba hakuja kumchongea marehemu, ila hataki mguu wake utumike kumnyima mtoto kinga. Kama Vestine atakwenda Jumanne, yeye atafunika cherehani aende naye.

Jumanne wakaenda. Clovis hakuwa na mwendo wa haraka, na Vestine akaufuata mwendo wake. Kwenye ile kona hakusimama, kwa sababu kaka yake alikuwa katikati ya kumweleza kisa cha mteja aliyeleta suti ya baba yake ipunguzwe mara tatu.

Ndani, wanawake walijaa kwenye mabenchi, na watoto walikuwa wakining'inizwa kwenye mzani mmoja mmoja. Muuguzi wa chanjo aliitwa Nyiramana, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kigali.

"Mtoto iko na wiki ngapi, mama?"

Vestine akamwambia tisa. Alitarajia kugombezwa, na pengine angegombezwa, lakini macho ya Nyiramana yalikuwa yamehamia kwa Clovis, kwenye mguu, yakapanda taratibu mpaka kiunoni.

"Kwinini?" akamwuliza.

Clovis akatikisa kichwa kukubali.

Nyiramana akasema amewaona wengi hivyo. Akavua miwani, akaifuta, akamgeukia Vestine kwa sauti nyingine kabisa, kama aliyejua sasa anazungumza na nani.

Vestine akamwuliza kama anaweza kumwahidi kwamba mtoto hatapata kitu.

"Siwezi," Nyiramana akasema. "Leo jioni mwili itakuwa moto. Paja itavimba kidogo, atalia. Hiyo ntakwambia ukweli. Lakini angalia." Akamfunua Sangwa, akaweka kidole upande wa nje wa paja, mbele. "Mimi nachoma hapa. Ule mshipa ya kaka yako iko nyuma, mbali. Leta mkono yako."

Vestine akaweka kidole pale kilipokuwa kidole cha muuguzi. Nyama ilikuwa laini, imejaa. Nyiramana akaongeza kwamba mwezi ule tayari alikwisha kuona watoto wawili wenye kifaduro, ugonjwa unaozuiwa na sindano hiyo, mmoja mdogo kuliko Sangwa, na huyo mdogo hakupona. Alisema hivyo bila kumtisha mtu, akageuka kutoa sindano kwenye sufuria ya mvuke.

Vestine akaomba atoke kidogo. Nyiramana akamwita mama mwingine.

Akakaa barazani karibu na kaka yake, mtoto mapajani. Akapita mama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watoto walilia ndani, wakatoka wananyonya. Clovis hakumsihi. Mama wa nne alipoinuka, Vestine naye akainuka, akamwomba ampishe, akaingia. Alimshika Sangwa mwenyewe, magoti yakiwa pamoja kama alivyoelekezwa, na hakufumba macho. Mtoto alipiga kelele moja ndefu. Nyiramana akaandika kwenye fishi, akapangusa kalamu, akamtajia tarehe ya Agosti.

Jioni homa ikaja kama alivyoambiwa. Vestine alimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji, na kila baada ya muda alimtekenya wayo ili aone anavyouvuta mguu. Libère alimwona akifanya hivyo mara nyingi, akaacha kuhesabu, akaenda kupika uji. Kufikia Alhamisi uvimbe ulikuwa umekwisha na mtoto alikuwa akirusha miguu yote miwili hadi nguo zinamtoka.

Chanjo ya Agosti alikwenda peke yake. Ya Septemba alikwenda na Libère, ambaye alipoona sindano alitoka nje akajifanya anatazama redio ya mlinzi.

Novemba, kwa siku ya kuombea marehemu, Vestine alisafiri Bujumbura na mtoto. Dada yake mkubwa, Raïssa, ndiye aliyebaki katika nyumba ya mama yao, pamoja na watoto wake wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa mwaka mmoja. Walipalilia kaburi pamoja, wakaweka maua, wakarudi. Walipokuwa wakila, Raïssa akauliza kama ni kweli Sangwa amechomwa sindano, na pajani. Vestine akasema ni kweli, mara tatu. Raïssa akaweka kijiko chini. Wa kwake, alisema, hajaruhusu hata mmoja aguswe, na Vestine anajua sababu.

Vestine alikuwa amesafiri akiwa amekwisha kuomba ruhusa ya Clovis, na njia nzima alitumaini hatalazimika kuitumia. Akamweleza dada yake habari za meza na pazia la bluu, na za mzigo wa ndagala. Hakumsema mama yao vibaya wala hakumtetea. Raïssa alikasirika sana. Alimwambia kwamba si jambo la kusema siku kama ile, akaingia chumbani, na asubuhi wakaagana kwa maneno machache.

Januari barua ikafika Rwezamenyo, imeletwa na abiria wa basi. Raïssa aliandika habari za mvua na za bei ya ndagala, akaandika kwamba watoto wote wawili walipelekwa hospitali kuchanjwa, kwamba mdogo alipata homa usiku mmoja, na kwamba hajui bado kama amemsamehe mama. Vestine aliisoma mara mbili, akampelekea Clovis barazani. Clovis aliisoma huku mguu wake ukiwa juu ya kanyagio, akaikunja, akamrudishia.

"Mpe muda," akasema, akaendelea kushona.