Fundi springi anayelala kwanza kwenye godoro la mgonjwa

Saa kumi na moja alfajiri, kijiko kinagonga ukingo wa kikombe mara tatu. Ndivyo mke wa fundi springi anavyomwamsha mumewe bila kuwashtua wajukuu waliolala sebuleni. Leo fundi yuko macho tangu saa tisa.

"Umelala kweli?" mkewe anamuuliza.

"Nimelala kama mlinzi."

Kinachomnyima usingizi kimeegeshwa uani: pikapu ya kubebea saruji. Asubuhi hii itampeleka jirani yao, mshonaji aliyepasuliwa mgongo wiki sita zilizopita, hospitali. Hakuna gari jingine mtaani linaloiweza barabara ile ya mawe. Mara mbili amepakiwa, na mara mbili maumivu yamemrudisha njiani. Kidonda sasa kinatoa maji. Daktari amesema kisipotazamwa leo, huenda akapasuliwa upya.

Fundi ana miaka hamsini na minane, na wateja humwita Nyundo. Kazi ameifanya miaka thelathini na moja. Mkono wake wa kushoto una vidole vinne; cha tano kilikwenda na springi iliyofyatuka. Wiki nzuri hupata magari matatu. Nyingine hupita hivi hivi.

"Gari hili limeumbwa kubeba tani," anasema akiwa uvunguni. "Ukilipakia mtu mmoja na godoro, linaruka kama mbuzi aliyekata kamba."

Jana alibadilisha shokabzoba zilizovuja, akatoa bamba moja la springi kila upande wa nyuma ili zilegee. Dereva, mdogo wake mshonaji, alitaka yatoke matatu matatu.

"Toa tu, fundi. Dada alale kama yuko kwake."

"Nikitoa matatu, ukipakia saruji litakaa chini kama kuku anayeatamia. Na kwenye kona litayumba, dada yako akiwa ndani."

Hata hilo bamba moja alilotoa linamtia hofu. Anapapasa kila nati, anaondoka, anarudi kupapasa tena. Kisha anapima matairi na kushtuka.

"Nani kajaza upepo wote huu?"

"Mimi," dereva anajibu. "Kila nikimbeba dada naongeza. Sikutaka tupate pancha njiani, naye na maumivu yake."

"Kumbe mara zote mbili umemlaza juu ya magogo manne!"

Dereva anacheka, halafu kicheko kinamkatika. Anageukia ukuta. Fundi anamsogelea, anamwekea kipimo cha upepo mkononi.

"Punguza mwenyewe, mwanangu. Ulifanya kwa mapenzi."

Fundi huyu ana desturi yake: gari la mgonjwa hulikabidhi baada ya kulala mwenyewe nyuma. Anajinyoosha kwenye godoro, dereva analipitisha gari kwenye mawe ya uchochoroni.

"Simama!" anapiga kelele, mkono kiunoni. "Bado linarusha."

Mkewe ndiye anayeleta mifuko miwili ya mchanga uliobaki walipojenga choo. Wanaifunga sakafuni, juu ya ekseli ya nyuma, uzito wake ukandamize springi. Safari ya pili fundi yuko kimya mpaka mwisho.

"Umekufa huko?" mkewe anauliza.

"Nasikiliza."

Saa moja mshonaji anapakiwa. Fundi anafunga banda lake na kupanda nyuma, amepiga magoti kando ya godoro. Wanakaribia jiwe kubwa, lile lililowarudisha mara mbili. Mshonaji anafumba macho na kumkamata fundi mkono, ule wa vidole vinne.

"Tukifika kwenye jiwe niambie, kaka."

"Tumeshalipita, dada."

Hospitali wanakisafisha kidonda na kumruhusu arudi nyumbani. Hatapasuliwa tena, ila aonekane kila wiki mbili.

Fundi hajatulia. Njia nzima ya kurudi amekuwa akipima godoro kwa shubiri. Anataka kuunda kitanda cha kuning'inia kwa mikanda ya mipira ya matairi, kitakachofungwa siku ya mgonjwa na kufunguliwa siku ya saruji. "Siku mchanga usipotosha, nitamwambia nini mgonjwa?"

Mlangoni kwake, mshonaji bado hajamwachia mkono.

"Usisubiri safari ya hospitali, kaka. Uje tena kunitazama. Njoo na wifi, mje kwa miguu."