Maua Meupe Makomeno

Cheka kwanza, msomaji, maana mimi mwenyewe bado sijaweza.

Likizo ilipofika wenzangu wa chuo walirudi kwao. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwetu Kasenga, nikabaki peke yangu na vitabu vya zamani vya maktaba. Vilinifundisha jambo moja: mpweke asingoje kualikwa. Avae vizuri, achukue maua, aende akabishe hodi.

Basi nikavaa suti yangu nyeusi ya abakosti, nikachuma maua meupe, nikaelekea mtaa wa Makomeno kwa Mama Kalenga, aliyewahi kuniambia kanisani, "Siku moja upite kwetu." Nilitembea polepole, kichwa chini, kama mashujaa wa vitabu vyangu. Wanawake waliokuwa wakisonga bukari waliacha miiko, wakanifuata kimya. Nikadhani nimependeza!

Mama Kalenga alifungua, akatazama nguo, akatazama maua. Mume wake alikuwa kazini mgodini. Ndipo nikakumbuka ambalo vitabu havikuniambia: hapa kwetu maua ni ya kilio.

"Eeh, bwana yangu! Mwili iko wapi?" Akaanguka. Wanawake wakapokea kilio. Nilijaribu kusema, lakini nani angenisikia?

Mara Baba Kalenga akatokea na baiskeli, kofia ya mgodi kichwani, akiuliza nani amekufa. Kilio kikakatika. Wote wakanigeukia.

"Sasa weye, mutoto," Mama akasema, machozi bado usoni, "ulikuya kufanya nini?"

Nikamnyooshea maua.

"Nilikuya tu kuzungumuza, mama."