Musitoke, Tunarudia

Enzi zetu pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kabla mtu hajaota kwamba sinema inaweza kukaa ndani ya simu, filamu tuliangalia siku ya Jumapili, baada ya misa na baada ya bugali, kwenye nyumba ya mabati ya Baba Saleh karibu na soko. Ninyi mliokua na mimi mnaijua nyumba ile. Mabenchi yalituchoma mapaja, madirisha yalizibwa kwa magunia, na humo ndani tulivuta jasho, karanga za kukaanga na moshi wa jenereta. Watu wa Lweba walifika kwa miguu wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na bado ndio waliowahi kukaa mbele. Wa Swima walikuja na mikebuka iliyokaushwa, wakaitafuna mle mle gizani, na sisi tukawa tunaangalia watu wakirushiana mateke huku tunanuka samaki.

Filamu ilikuja kwa kaseti mbili. Ya kwanza iliisha palepale jambazi alipoinua panga. Hapo Baba Saleh alizima jenereta ipoe, giza likatuangukia mchana kweupe, na kaka yangu Wilondja akaingia kutangaza.

Tulimwita Yaya Wilondja kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti nene kuliko kifua chake, na wachuuzi wa soko walimpenda kwa sauti hiyo. Alisimama mbele ya televisheni iliyozimwa, tochi chini ya kidevu, uso wake ukielea peke yake kama hauna mwili.

"Bamama na babaa! Sabuni ya kufua imefika kwa Mama Feza! Mashua ya Kalundu inatoka kesho asubui! Mbuzi mweusi amepotea, mwenye alimuona aseme!"

Lo, watu walivyowaka! Maganda ya karanga yaliruka. "Tuliisha lipa! Juu ya nini mutuletee sabuni?" Wazee wazima walinuna kama watoto walionyang'anywa titi. Yaya alicheka tu. Akimaliza, alizima tochi na kusema kutoka gizani, "Musitoke, tunarudia!" Ndiyo kusema, tunarudi sasa hivi. Nasi nyumba nzima tukajibu, "Tuko!"

Jibu hilo lilikuwa sharti. Baba Saleh aliogopa wajanja waliotoka wakati wa tangazo na kuingiza ndugu zao bure, kwa hiyo tusipojibu kwa nguvu kaseti ya pili haikuwekwa. Mimi nilijibu huku nimefumba macho. Mara nyingine nilisikia sauti zinajibu kutoka pembe ambayo haikuwa na benchi, na nikajibana ubavuni kwa mama. Yeye aliniambia, "Yaya yako akiita, umujibu. Usimuache peke yake mu giza."

Nakumbuka asubuhi aliyoondoka Yaya kwenda Lulimba kutafuta dhahabu. Mama hakutaka. Alikuwa ameketi uani anamenya muhogo, amempa mgongo, na kisu kilikuwa kinakwenda kwa hasira. Mimi nilikuwa ziwani kuchota maji, haya nilisimuliwa na mama mwenyewe. Yaya alisimama kwenye ua, mfuko begani, akajaribu kumchekesha kwa maneno yake ya sinema: "Mama, musitoke, narudia!"

Mama hakujibu.

Lori lililompeleka lilirudi, likaenda tena, likarudi. Wenzake waliotoka Lulimba walisema walimwona, wengine wakasema hawakumwona. Hatukukaa matanga maana hatukuwa na maiti wala habari. Mama aliendelea kumwekea sahani yake. Vita vilipokuja na majirani wakavuka ziwa kwenda Kigoma, tulimbembeleza mpaka tukalia, naye akashika mwimo wa mlango. "Alisema tusitoke. Na mimi sikumujibu. Njo maana harudie." Mpaka leo yuko katika nyumba ileile, na mimi nimo humo pamoja naye na wanangu wawili, Asukulu na Riziki.

Siku hizi tuna sahani za sola juu ya bati na televisheni nyembamba inayovuta filamu kutoka mtandaoni, kwa abonema, malipo ya kila mwezi. Wanangu wanakaa kwenye viti vyenye mito, hakuna anayewatafunia samaki sikioni, na bado wanalalamika. Tangazo likiingia katikati ya filamu utadhani wamechomwa sindano.

"Mama, tunalipa, na bado banatuwekea pub!" anafoka Asukulu, halafu anachukua simu yake ili asubiri tangazo kwa kuangalia matangazo mengine. Nilicheka sana. Niliwaambia sisi tulitangaziwa hadi mbuzi.

Niliacha kucheka mwezi ule tangazo la mafuta ya kupikia lilipoanza kurudi kila Jumapili. Mwanamume mwenye shati jeupe anamimina mafuta kwenye kikaango, anasema Kifaransa, anatabasamu. Kisha kioo kinakuwa cheusi kidogo kabla filamu haijaendelea. Katika weusi ule, mama yangu, ambaye Kifaransa hakijui na ambaye husinzia filamu nzima, aliamka akajibu kwa nguvu:

"Tuko!"

"Koko, unamujibu nani?" Riziki alimuuliza bibi yake.

"Yaya ya mama yenu. Hamumusikie?"

Watoto walicheka. Mimi nilitega sikio na sikusikia kitu. Lakini kila Jumapili ilikuwa hivyo, yeye anajibu na picha inarudi. Siku moja alikuwa chooni tangazo lilipoisha. Kioo kikabaki cheusi, kikabaki, Asukulu akatukana mtandao, na picha haikurudi mpaka bibi yake alipotokea mlangoni na fimbo yake, maji yakimdondoka mikononi, akasema, "Tuko, tuko, mwanangu."

Niliogopa, nasema wazi. Watoto walipoomba tuhamie abonema ya bei ya juu, isiyo na matangazo, nilikubali siku hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata filamu ilienda moja kwa moja. Mama alijifunga kitenge chake kizuri, akakaa wima, mikono magotini, na hakusinzia hata kidogo. Alingoja. Baadaye aliniinamia akaniuliza polepole, "Kaseti ya kwanza haiishe?" Alingoja mpaka uchovu ukamshinda, kichwa kikaanguka kifuani.

Ndipo picha ilipokatika. Pikipiki za barabarani zilinyamaza, na kuku wa uani wakanyamaza. Katika kioo cheusi niliona sura zetu sisi wanne tumekaa. Kisha sauti nene kuliko kifua chake ikasema, karibu kabisa:

"Musitoke, tunarudia."

Watoto waliinua vichwa kutoka kwenye simu. "Mama," Riziki alinong'ona, "ni nani ule anasema?"

Nilimtazama mama, alikuwa amelala. Hakukuwa na mwingine wa kujibu. Nilifumba macho kama zamani. "Tuko!" nikasema, na wanangu, kwa hofu tu, wakanifuata, "Tuko!" Picha ikarudi pale ilipoachia.

Mama aliamka. "Anasema nini?"

"Anasema tusitoke, Mama."

"Mulimujibu?"

"Tulimujibu."

Alilia kimya kimya, akajipangusa kwa ncha ya kitenge. "Basi, tuikale apa, tusitoke," akasema.

Nimerudisha abonema ya bei ya chini. Asukulu hajanung'unika tena, na tangazo la mafuta likianza anaweka simu chini mwenyewe. Naona vijana wa leo wanalipa ili mtu asiwakatize, na pengine wana haki. Sisi tulilipa, tukakatizwa, tukarusha maganda, lakini aliyetukatiza tulimjua kwa jina, na alitaka kuhakikisha tungalipo kabla hajaendelea. Natamani zile Jumapili za jasho na moshi mpaka natokwa na machozi. Hizi za sasa nazisubiri huku natetemeka.

Jumapili iliyopita tangazo liliisha, kioo kikawa cheusi, tukajiandaa kujibu. Televisheni haikusema kitu. Sauti ileile nene ilitoka nyuma yetu, nje, kwenye ua, na safari hii iliuliza:

"Muko?"

"Tuko," mama alisema, akasimama bila fimbo yake, akaenda kufungua mlango.