Glasi ya Kuonja

Mimi ni mpishi, tena Mwislamu, kwa hiyo kabla hujaniuliza nakwambia mapema kwamba mvinyo sijawahi kuutia mdomoni. Naitwa Mwahija, mzaliwa wa Shinyanga mjini, na huu mwaka wa pili nakaanga sato katika mgahawa wa Sahani Tano hapa Geita. Sahani Tano ni kampuni kubwa. Ipo Dar, ipo Arusha, ipo Mwanza, na kote huko menyu ni ileile, viti vilevile, hata makofi ya kumpigia mtu wa bethidei ni yaleyale. Ninachotaka kusimulia ni habari ya Theopista, na naisimulia kwa sababu nimeigeuza kichwani mpaka kichwa kinauma, na sijaielewa.

Theopista alikuwa mhudumu wa mezani. Kwao Ushirombo, binti wa wakulima, Wakatoliki wale wa kufunga Kwaresima mpaka mashavu yanabonyea. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi Runzewe, kwenye hoteli ndogo iliyofungwa mwenyewe alipougua. Ana binti wa miaka mitano, Justa, anayelelewa na bibi yake huko kijijini. Alipoajiriwa Sahani Tano alipewa miezi mitatu ya majaribio, na alishamwahidi mtoto kwamba akithibitishwa tu, anakwenda kumchukua waishi wote Geita. Wiki haikupita bila kunitajia jambo hilo. Nikikatakata vitunguu ananitajia Justa, nikigeuza samaki ananitajia Justa, mpaka siku nyingine namwambia mwanangu niache niunguze chakula cha watu kwa amani.

Mwezi wa kwanza haujaisha, makao makuu yakatuletea mtu. Dada mmoja wa Dar, Rosemary, viatu virefu, sauti ya kubembeleza. Alisema kampuni imeamua kila tawi liuze mvinyo, na mhudumu wa majaribio atakayeuza kidogo kuliko wenzake hatathibitishwa. Nikamtazama Theopista, akawa ameshika kitambaa cha meza kwa mikono miwili.

Basi tukafundishwa, na mimi wa jikoni nikafundishwa pia, sijui kwa nini. Kila meza iwekewe chupa mgeni hajafika, ina kikadi shingoni. Mgeni akiketi usimuulize atakunywa nini, muulize nyekundu au nyeupe. Sato aende na mweupe, mbuzi aende na mwekundu. Nikauliza, na ugali uende na upi? Watu wakacheka, lakini mimi nilikuwa nataka kujua.

Siku za mwanzo ilikuwa vurugu tupu. Mwalimu mmoja aitwaye Mwita alidhani chupa ya mezani ni zawadi ya kampuni, akaitia kwenye begi na kutuaga kwa heshima zote. Mama mmoja aliulizwa nyekundu au nyeupe, akajibu nyeupe, akaletewa glasi, akasema yeye alidhani anaulizwa nyama. Nilikuwa nachungulia kwenye dirisha la kupitishia sahani, sijui nicheke au nilie.

Ila kilichomkwamisha Theopista hasa kilikuwa ile glasi ya kuonja. Rosemary alisema mgeni akishaagiza chupa, mhudumu aifungue mbele yake, ammiminie kidogo tu, kisha asimame kando asubiri. Mgeni aonje. Akiridhika ndipo wamiminiwe wote. Ni heshima, alisema, maana mnunuzi anakagua kama mvinyo haujaharibika. Na hilo nalo lina akili yake, siwezi kulikataa.

Sasa huku kwetu ukimmiminia mtu kinywaji kidogo, ukasimama unamtazama, anakufikiria nini? Jumamosi moja alikuja mzee Maduhu, Msukuma mwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Rwamgasa, na wageni wake watatu. Wakakubali chupa. Theopista akafungua, akammiminia mzee tone la kuonja, akarudi nyuma hatua moja kama alivyofundishwa. Mzee akaitazama ile glasi. Akamtazama binti. Akaisukuma glasi taratibu mpaka katikati ya meza, akaomba soda, tena akaifungua mwenyewe.

Theopista alikuja jikoni uso umemshuka. Wiki ile hakuwa ameuza hata chupa moja, wenzake walishauza tatu, nne. Akakaa kwenye kreti la bia, mimi namenya viazi, mara akasema tatizo ni yeye mwenyewe. Bibi yake kule kwao akipika pombe ya mtama hampi mgeni kata kabla ya kunywa yeye kwanza, mgeni anamwona. Anayeleta kinywaji ndiye anayeonja, ijulikane hakutia kitu. Na Wasukuma ni hivyohivyo. Yeye alikuwa anamwambia mzee wa watu aonje kwanza, kana kwamba anamjaribia sumu.

Mzee alipokuja tena, Theopista alikwenda na kiglasi chake kidogo. Akafungua chupa, akamimina kijiko kimoja tu, akanywa mbele yao, uso ukamkunjamana kwa ukali wake, maana hakuwa mnywaji. Kisha akapiga goti kidogo, akamiminia wageni. Mzee Maduhu alicheka mpaka akakohoa. Wakanywa chupa tatu. Habari zikaenea maduarani na kwa madalali wa dhahabu kwamba pale Sahani Tano kuna binti ana adabu, na watu wakaanza kuja wanamtaka yeye kwa jina. Mwezi wa pili aliwapita wenzake wote. Meneja wetu, Donatus, alikuwa anaona kila kitu. Hesabu zikipanda, Donatus hana macho.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Siku mbili kabla ya miezi mitatu kutimia, Rosemary akarudi. Akamwita Theopista jikoni kwangu, mbele ya friji, akamwambia kwa ile sauti ya kubembeleza kwamba makao makuu wanamsifu sana, ila imeripotiwa kwamba anakunywa kileo kazini. Theopista akaeleza habari za bibi yake, za kata, za mzee Maduhu, kila kitu. Rosemary alimsikiliza mpaka mwisho, tena vizuri. Kisha akasema kanuni ni moja Tanzania nzima, akionja tena kazi hana. Theopista akaitikia. Alisema hataonja tena. Mimi nikashukuru Mungu, nikajua mtoto anakuja.

Jumamosi mchana, mzee Maduhu akaja na wazee wanne wa Bukombe. Asubuhi ile walikuwa wamemaliza maneno ya mahari, kijana wake anaoa kwao, na sasa amewaleta wakwe kula. Akaagiza mbuzi, akaagiza chupa, akawaambia wageni watamwona binti mwenye adabu. Rosemary alikuwa amesimama kaunta na kishikwambi chake. Walipoanza kula, Theopista akafungua chupa, akammiminia mzee kidogo, akarudi nyuma hatua moja.

Mzee hakuigusa glasi. Wale wakwe wakaacha kula, mmoja akarudisha tonge kwenye sahani.

"Mwanawane," mzee akasema polepole, "siku zote unaonja. Leo mmeweka nini humu?"

Nilikuwa dirishani, mwiko mkononi. Nikamwona Theopista anamtazama Rosemary. Rosemary akatikisa kichwa mara moja, hapana. Nikasema moyoni, mwombe radhi mzee, lete soda, lete chochote, mtoto wako anakusubiri. Theopista akapiga goti, akaichukua ile glasi kwa mikono miwili, akainywa yote. Wazee wakapumua. Mmoja wao akaanza kucheka, na tonge likaondoka tena kwenye sahani.

Jumatatu alipewa barua mbili ndani ya bahasha moja. Moja inampongeza kwa kuwa wa kwanza kwa mauzo ya mvinyo. Nyingine inamwachisha kazi kwa kunywa kileo akiwa kazini. Alinipa nimsomee, labda amekosea kuelewa. Nikasoma mara mbili. Zote mbili zilikuwa na sahihi ileile.

Nilikuwa na hasira naye, sitaficha. Nikamuuliza, hivi wakwe wa Maduhu wanakuhusu nini wewe? Alikuwa anakunja aproni yake.

"Dada, wangeondoka pale wanaamini mzee kawalisha sumu," akasema. "Na binti yao ndiyo anakwenda kukaa kwake."

Nikamwambia haya, mtoto wa wenzio umemwekea mazingira mazuri. Na wa kwako?

Aliiweka aproni juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja. Akasema amepiga simu nyumbani asubuhi, na Justa alishawaaga wenzake wote wa chekechea.