Mkono Kidevuni

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kula mchana kwenye mkahawa wa Wajapani, kule mjini. Nyama ya nguruwe ililetwa imevikwa chembe za mkate, na kabla sijashika uma, mkono wangu ulikwenda wenyewe kidevuni.

Nilipokuwa msichana mdogo kijijini Muheto, Papa, baba yangu, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba. Mchana mmoja niliketi mlangoni mwa jiko nikimtazama. Aliponda nyama kwa chupa, akaichovya kwenye mayai, akaigaragaza kwenye mkate mkavu uliosagwa, kisha mafuta yakapiga kelele. Harufu ilinijaza mate.

"Kula, mutoto," alisema, akanipa kipande.

Nilikuwa nimeshakimaliza hofu iliponijia. Nyama ilijificha ndani ya mkate. Je, kama ilikuwa mbuzi? Kwetu wanawake hawakula nyama ya mbuzi. Tuliambiwa ukila, unaota ndevu. Sikuthubutu kumwuliza Papa. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilipapasa kidevu, na kila tone la jasho lililonitekenya nililidhani unywele.

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Nilimwangukia magotini nikilia.

"Mama, nimekula mbuzi! Ndevu zitatoka!"

Mama alitazama mlangoni kwanza. Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye kidevu chake laini.

"Iko ndevu hapa?"

"Hapana, Mama."

"Na mimi nakulaka mbuzi. Sasa nyamaza, Papa yako asisikie."