Khalfani Hataki Kuweka Mkuku

Mume wangu Khalfani ni fundi wa maboti hapa Bangwe, na ubishi wake unajulikana hadi Ilagala. Ukimwambia jua limechomoza, atatoka nje kwanza ahakikishe. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, kwa hiyo nikimsema nina haki.

Mafundi wa ukoo wao wana sharti moja. Anayeweka mkuku, ule mti wa chini unaobeba boti zima, ndiye atakayelimaliza. Akifa katikati, hakuna mkono mwingine utakaoligusa, linapasuliwa kuni. Baba yake alifariki akiwa amefikia kwenye mbavu za boti, na hizo ndizo zilizopikia wali wa hitima yake. Khalfani alizipasua mwenyewe.

Mwaka 2015, Warundi walipojaa Kagunga, mpakani kando ya ziwa, wakikimbia machafuko ya kwao, kila mwenye boti alipata kazi. Pastory, mfanyabiashara wa huko, akaja kuagiza boti kubwa la kubeba watu na vyakula, akashusha mbao uani kwetu. Khalfani akamwambia asubiri. Shingoni alikuwa na tezi zilizovimba, na hospitali walishasema ni saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Damu yake ilikuwa imepelekwa Dar es Salaam kupimwa zaidi. Wiki sita nzima nikawa naruka mbao za watu kwenda jikoni.

Majibu yakaja. Daktari Devota, binti mpole, akasoma karatasi, akasema, "Mzee, kwenye kromosomu namba kumi na tatu kuna kipande kimepotea."

Khalfani akasimama, akavaa kofia yake, akashukuru, akatoka. Hakungoja hata binti wa watu avute pumzi. Mimi nikabaki kwenye kiti.

"Haya mwanangu," nikasema, "mimi sina haraka. Malizia."

Akanieleza kwamba kila chembe ya mwili ina nyuzi ndogo zinazobeba maagizo ya mwili, nazo zina namba. Kwa ugonjwa huu wa mume wangu, chembe nyeupe za damu mara nyingi hupoteza kipande, na la muhimu ni kipande kipi. Kikipotea cha namba kumi na saba, hali ni ngumu. Kikipotea cha kumi na tatu peke yake, kama cha Khalfani, wengi huishi miaka mingi, na wengine hukaa muda mrefu bila kuhitaji dawa. Nikamrudisha nyuma mara tatu, maana elimu yangu ni ya darasa la saba, na nilitaka nifike nyumbani na maneno kamili.

Nilimkuta uani amekaa juu ya mbao za Pastory. Nikamweleza miaka mingi, nikamweleza kumi na tatu na kumi na saba. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama Hadija," akasema, "mama yangu ulimwambia nini?"

Mama yake alikuwa na saratani ya ini, nasi sote, na yeye Khalfani akiwemo, tulimwambia ni vidonda vya tumbo na atapona. Ndivyo tulivyozoea, mgonjwa hapewi habari mbaya. Ndiyo maana mgonjwa wa kwetu akiletewa habari njema anajua sanda imeshanunuliwa.

Hasira zikanipanda. Nilimwonea huruma, lakini hasira zilitangulia.

"Sikiliza basi, Baba Hadija. Hutapona. Umesikia? Ugonjwa huu hauondoki, utakaa nao mpaka uzikwe. Kila miezi mitatu utachomwa sindano, damu ipimwe. Zikizidi hizo tezi utameza dawa, na dawa zitakutapisha. Na kipande kingine kinaweza kupotea siku yoyote, daktari hakunificha."

Akainua kichwa. "Amesema siponi?"

"Huponi."

"Na kingine kinaweza kupotea?"

"Kinaweza."

Akapapasa ubao kwa kiganja.

"Hayo mama hukumwambia," akasema.

"Hakuna aliyemwambia."

Akaomba simu yangu, akampigia Pastory.

Jumamosi Pastory akafika, wakauweka mkuku juu ya magogo, tukasoma dua. Pastory akauliza litachukua muda gani.

"Miezi mitano, inshallah," akasema Khalfani. "Mimi ni mgonjwa, bwana. Siponi."

Alilisema kwa furaha, kama anayetangaza ndoa ya binti yake. Pastory akanigeukia, hajui ampe pole au ampe hongera. Nikamwambia ampe misumari, nikaingia jikoni, nikalia mpaka chai ikachemka ikamwagika jikoni kote.