Profesa wa Langoni

Langoni mwa chuo kimoja hapa Nakuru, Thuo ana kibanda cha fotokopi, na kazi yake ni kujalidi tasnifu za wanafunzi. Kila inayomfikia huisoma kurasa mbili za kwanza, halafu huchoka. Miaka nenda miaka rudi amezimeza kurasa hizo mbilimbili, na sasa zimemjaa, hawezi kuuza hata kalamu bila kukutajia "dhana" na "muktadha". Wanafunzi wanamwita Prof, kisha wanageuka kando kucheka. Majirani wanamwita mjuaji. Shemeji zake, watu wasiopoteza maneno, wanamwita msomi uchwara. Katika majina yote hayo Thuo husikia moja tu, na akiitwa hilo hujikohoza kwanza ndipo aitike. Mjinga wa kawaida hujua pa kunyamaza. Huyu hakujaliwa.

Basi bintiye Wangeci akapata mchumba, Jamleck, kijana wa Mau Narok, na wakwe wakatuma habari kwamba wanaleta mahari. Siku hiyo, kwa Wakikuyu, baba wa msichana huketi akanyamaza na mzee mwingine akamsemea. Wazee waliona mbali: mwenye mwana asije akaropokwa. Mzee Gathogo, aliyebobea katika shughuli hizo, aliombwa akakubali.

Wangeci, kwa kumjua babake, alimfuata kibandani siku moja kabla.

"Dad, tafadhali, kesho usiongee. Hao watu wakiniona rahisi, ni mimi nitaishi na wao, si wewe."

"Kwani mimi ni bubu?"

"Niahidi tu."

Akaahidi. Binti alikuwa akilengwalengwa na machozi, na hata Thuo aliyaona.

Wageni walifika na mbuzi kwenye pikapu. Gathogo alianza vizuri, kwa mafumbo na mzaha, watu wakacheka. Lakini msemaji wa wageni, Mzee Karuga, alikuwa amekwisha kupeleleza. Alimpita Gathogo, akamgeukia Thuo, kofia mkononi.

"Profesa, sisi ni watu wa ngano na viazi, hatujasoma. Hebu tufundishe. Hii mambo ya mbuzi, watu wamesoma kama wewe wanaionaje?"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Thuo akainuka. Gathogo akamvuta koti, naye akaukung'uta ule mkono kama wa mlevi. Akatoa utangulizi, akaeleza tatizo, akazunguka na muktadha mpaka nyama ikaganda mafuta sahanini. Hakujua hotuba huishia wapi. Akatafuta neno kubwa la kufungia, na akalipata: mahari, alisema, ni dhana iliyopitwa na wakati. Yeye, msomi, hapokei hata kwato.

Wageni wakapiga makofi. Mke wa Thuo alijifunika uso kwa leso. Neno la baba wa msichana halitenguliwi na msemaji wake, kwa hiyo Gathogo alichukua bakora yake akaenda zake bila kula. Mbuzi hawakushushwa.

Wangeci aliolewa hivyo hivyo. Huko Mau Narok hawakumpiga, walimpa jina tu. Wake za shemeji zake, ambao kila mmoja alitolewa mbuzi wake, walimwita Wa Bure, na mvua ikinyesha ndiye aliyetumwa kuchimba viazi. Alivumilia. Kisha siku moja, mezani, Jamleck mwenyewe alimwita hivyo, na watu wakacheka. Wangeci akatoka nje akampigia babake simu.

"Dad, sasa hata Jamleck ananiita Wa Bure. Mbele ya watu."

Kibandani palikuwa na wanafunzi wawili wakisubiri fotokopi. Thuo akaweka simu spika, wapate kusikia jinsi anavyoshauri.

"Mwanangu, usilie. Kwanza tuichambue hiyo dhana ya bure."

Upande wa pili simu ikakatwa. Wale wanafunzi waliisikia ikikatwa. Thuo akaendelea kuchambua.